Diski ya TB 3 inasoma GB 746: dada wa Mwanga, usiirudishe Dar

SWALI

Kaka fundi, habari za Tabora. Mimi nipo Kigoma, hapa Mwanga. Marehemu baba alikuwa anapiga video za harusi na mahafali, ametuachia kabati lenye kanda ndogo za MiniDV zipatazo 200, nyingi za saa moja moja. Wenye harusi zao wameanza kuja kuziulizia. Kompyuta aliyokuwa anazinakilia bado ipo na inawaka: ya mezani, Core 2 Duo, Windows XP, diski ya GB 160, na ina kadi ya FireWire inayoelewana na kamera yake. Nimeagiza diski ya TB 3 kutoka Dar, imekuja kwa basi. Nimeifunga ndani, Windows imeiona, nimeifomati, lakini inaonyesha GB 746 tu. Ukiwasha kompyuta, ile skrini nyeusi ya mwanzo inaandika 801. Kijana wa duka la jirani anasema nimeuziwa diski ya GB 750 iliyobandikwa stika ya TB 3. Mwingine anasema nibadilishe BIOS, ile programu ndogo ya ndani inayoamsha kompyuta kabla ya Windows. Muuzaji amenipa hadi Jumamosi, nikitaka kurudisha nirudishe. Nifanyeje?

JIBU

Dada, pole kwa msiba, na hongera kwa kuitunza hiyo kompyuta. Diski usiirudishe. Ni nzima, na ni ya TB 3 kweli. Sijaiona, lakini hizo namba mbili ulizonitumia, 746 na 801, zinatosha. Ungeniandikia "haionyeshi zote" bila namba, ningekuwa nabahatisha kama hao majirani zako.

Tuanze na kijana wa duka, maana wazo lake si la kijinga, stika za uongo zipo. Ila diski ya GB 750 ikiingia kwenye Windows haisomi 750 wala 746. Inasoma 698. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows inahesabu 1024 mara 1024 mara 1024. Ni yale yale ya sado ya kufuta juu na sado ya kilele: dagaa ni wale wale, vipimo viwili. Kwa hiyo GB 500 inasoma 465, TB 1 inasoma 931, TB 2 inasoma 1863, na TB 3 inapaswa kusoma 2794. Katika orodha hiyo 746 haimo. Tena feki huwa anadanganya kwenda juu: anakuonyesha TB 3 zote, ukishajaza kidogo mafaili yanaanza kuharibika. Feki wa kukuonyesha pungufu ya stika yake mwenyewe angekuwa anajiharibia biashara.

Sasa chukua kalamu. Diski za TB 3 huwa na sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia) 5,860,533,168, kila sekta baiti 512. Hiyo namba mara nyingi imeandikwa kwenye stika yenyewe, karibu na herufi LBA. Fungua kompyuta uisome kwa macho yako. Mfumo wa zamani unaandika namba ya sekta kwa biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri na moja, na biti 32 zinafikisha hesabu ya sekta 4,294,967,296 tu, basi. Toa hiyo kwenye ile ya kwanza. Zinabaki sekta 1,565,565,872. Zidisha kwa 512, unapata baiti bilioni 801 na ushei. Hiyo ndiyo 801 ya skrini nyeusi, kwa sababu BIOS yako inahesabu kwa elfu elfu. Ukiigeuza kwa kipimo cha Windows inakuwa 746. Namba zako mbili ni kitu kimoja.

Kwa hiyo kompyuta haikuonyeshi sehemu ya kwanza ya diski ikaacha iliyobaki, kama wengi wanavyodhani. Imehesabu mpaka mwisho wa uwezo wake, ikarudi sifuri, ikaanza tena. Wanaokumbuka mita za pikipiki za zamani, zile za namba tano, wanajua: ikifika 99,999, kilomita inayofuata inasoma sifuri tupu, na muuzaji mjanja anakuambia pikipiki ni mpya. Diski yako imezungusha mita mara moja, ikasimama kwenye 746.

Ukuta huo una historia yake. Jedwali la kugawia diski linaloitwa MBR lilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, wakati diski ya MB 10 ilikuwa jambo la kujivunia. Aliyetenga biti 32 hakuwa mchoyo; aliacha nafasi ya TB 2.2, na kwa wakati huo ni sawa na mtu kuchimba choo cha watu milioni. Windows XP ya biti 32 imejengwa juu ya hesabu hiyo. Jedwali jipya linaitwa GPT, linatumia biti 64, nalo wewe na wajukuu zako hamtalijaza. Tatizo ni kwamba XP ya biti 32 haisomi GPT hata uibembeleze vipi. Ikikutana nayo inaandika kwamba patisheni (sehemu ya diski) imelindwa, haiipi herufi, inaiacha hapo.

Huyo aliyekuambia ubadilishe BIOS, mwambie asante, halafu usifanye. BIOS ya zamani ina sauti kubwa pale tu diski inapotumika kuwashia kompyuta. Wewe unawashia ile ya GB 160, hii mpya ni ghala tu. Mfumo ukishawaka, Linux (mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows) au Windows 7 inaiuliza diski yenyewe ina sekta ngapi, haiangalii BIOS ilisema nini. XP itabaki na kikomo chake hata ukiipa BIOS iliyotoka jana. Na kuandika BIOS upya kwa umeme huu wetu, ukikatika katikati ya kazi, umebaki na sanduku la bati lenye feni.

Njia zipo kadhaa. Nitakupa kwanza ambayo mimi ningefanya, kwa sababu haikugharimu zaidi ya flashi moja.

Acha XP palepale ilipo kwenye GB 160, iendelee kunakili kanda kama baba alivyokuwa anafanya. Ile diski kubwa ifanye iwe ya GPT kwa kutumia Linux inayowakia kwenye flashi, na kila ukimaliza kunakili kanda kadhaa, zima XP, washa na flashi, hamishia mafaili kwenye ghala. Kompyuta ni ile ile, waya ni ule ule. XP haitaiona diski kubwa, na hilo ni jema: isichokiona haiwezi kukiharibu.

Kwenye laptopu yoyote ya sasa pakua Linux Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Processor ya Core 2 Duo ni ya biti 64, kwa hiyo itaikubali. RAM iwe GB 2 au zaidi. Iandike kwenye flashi ya GB 4 au 8 kwa programu ya Rufus, na pale Rufus inapouliza aina ya jedwali chagua MBR. Ndiyo, ile ile MBR ninayoisema vibaya tangu juu, maana hapo tunazungumzia flashi ya kuwashia, na BIOS yako haijui kuwasha kitu kingine. Chomeka, washa, bonyeza kitufe cha kuchagua cha kuwashia (kompyuta nyingi ni F12, F11, F9 au Esc). Linux itawaka bila kugusa XP, mradi usibofye ile alama ya kuisakinisha iliyo kwenye dawati.

Ukishaingia, fungua dirisha la amri, andika lsblk. Utaona orodha: moja ya 149G, hiyo ni ya XP, usiiguse, na moja ya 2.7T. Hapo ndipo utakapoamini maneno yangu. Andika kwenye karatasi jina la hiyo ya 2.7T, itakuwa sda au sdb. Halafu fungua GParted, programu ya kugawia diski, juu kulia chagua jina hilo hilo, soma ukubwa kwa mara ya pili, kisha kwenye menyu ya Device tengeneza jedwali jipya la aina ya gpt. Hapa kila kitu kilichomo kwenye diski hiyo kinafutika. Kama umeshaweka mafaili kwenye zile 746, yatoe kwanza ukiwa bado kwenye XP. Baada ya hapo tengeneza patisheni moja inayojaza nafasi yote, aina ya ntfs, bofya alama ya kuthibitisha, subiri.

NTFS na FAT32 ni namna mbili za kupanga mafaili kwenye diski. Nasema NTFS kwa sababu mbili. Moja, laptopu yoyote ya Windows ya sasa itaisoma. Ya pili inahusu kanda zako hasa: video ya MiniDV inakula karibu GB 13 kwa saa, na FAT32 haikubali faili moja lizidi GB 4. Ukitumia FAT32, kila kanda itakatika kwenye dakika ya 19 au 20, na bibi harusi atakuja kukuuliza keki imekwenda wapi. Hiyo GB 13 pia inakuambia kwamba hesabu yako ilikuwa nzuri: kanda 200 mara 13 ni GB 2600 za mtengenezaji, na una 3000. Umenunua saizi yako.

Kwenye GB 160, ukiondoa XP na programu, utapata nafasi ya kanda sita au saba kwa mara moja. Hiyo ni raundi kama 30 za kuzima na kuwasha, ni nyingi, sikufichi. Kila raundi kuhamisha GB 90 kwa waya wa SATA wa ndani ni dakika 20 hivi, hata ikichelewa nusu saa. Usiihamishie diski kwenye kasha la USB. Mashine hiyo ina USB 2.0, kazi hiyo hiyo itakwenda karibu saa nzima. Na kabla ya kuwasha flashi, XP izime kabisa, usiilaze. Ukiilaza, Linux itakataa kuandika kwenye diski yake, na itakuwa na haki.

Ukichoka na raundi, Linux yenyewe inaweza kunakili kanda moja kwa moja kwenye ghala. Sakinisha dvgrab, programu ya kunakili kanda, ingia kwenye folda iliyo kwenye diski kubwa, unganisha kamera kwa FireWire, kisha:

sudo dvgrab --format raw --size 0 kanda-001-

Hiyo size 0 usiisahau, la sivyo itakata faili kila baada ya GB 1. Mimi mwenyewe ningefanya kanda kumi za kwanza kwa XP, kwa sababu ndiyo unayoijua na kamera imeizoea, halafu ningejaribu hii kwa kanda moja isiyo na thamani kubwa. Mahafali ya darasa la saba, kwa mfano. Ikikubali, raundi zimekwisha.

Njia nyingine nazitaja haraka. Windows 7 kwenye ile GB 160 itasoma GPT hata ikiwa ya biti 32, lakini utaanza kuhangaika na programu ya kunakilia na draiva za kadi; na ukiona bado inasoma 746, ujue draiva ya kidhibiti cha SATA ni ya zamani, iondoe utumie ya Windows yenyewe. Yapo makasha ya nje yanayoidanganya XP kwamba kila sekta ni baiti 4096 badala ya 512, hapo biti 32 zinafika TB 17 na XP inaona zote. Nzuri, ila siku kasha likifa, diski ukiichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta nyingine itaonekana tupu, mpaka utafute kasha la aina ile ile. Kuna pia kushea diski kwa mtandao kutoka kompyuta mpya: XP haijali upande wa pili una diski kubwa kiasi gani. Lakini XP inaongea lugha ya kushea ya zamani ambayo Windows za sasa zimeizima kwa sababu za usalama, na mimi siipendi ifunguliwe kwa mashine ambayo masasisho yake yalikoma Aprili 2014. Hiyo kompyuta ya baba ikiwa kwenye XP isiguse intaneti kabisa.

Nikuonye jambo moja ambalo lilinigharimu usiku mzima. Mteja wangu aliniletea diski ya TB 3 iliyojaa picha, imegawanywa vizuri kwenye kompyuta mpya. Nikaichomeka kwenye kasha langu la zamani la USB, ambalo nalo hesabu yake ni ya biti 32. Windows ikaiona GB 746, haikuelewa jedwali, ikaniuliza kama ianzishe diski upya. Mkono ukatangulia akili, nikakubali. Jedwali likafutika. Kilichoniokoa ni kwamba GPT huweka nakala ya jedwali lake mwishoni kabisa mwa diski, na lile kasha halikuweza kufika huko kuiharibu. Niliirudisha kwa TestDisk, programu ya kuokoa majedwali ya diski, lakini adhana ya alfajiri ilinikuta mezani. Kwa hiyo baada ya kuijaza hiyo diski, popote utakapoichomeka, ikisoma 746 au ikikuomba uifomati, jibu ni hapana, chomoa, badilisha kasha.

Kwa kuwa mmenizoea kuniuliza "kompyuta yangu ya zamani haioni diski", niwaambie na wengine namba zenu. Ikisimama kwenye 128 (au 137 kwenye BIOS) ni ukuta wa biti 28. XP bila Service Pack 1 ya mwaka 2002 inakwama hapo, na mazabodi nyingi za kabla ya miaka hiyo pia. Ikisimama kwenye 2048, diski inaonekana vizuri lakini imepewa MBR. Kuigeuza GPT kunatosha. Ikisimama kwenye GB 32 wakati wa kufomati tu, huo si ukuta wa diski, ni Windows inayokataa kutengeneza FAT32 kubwa kuliko hapo.

Na ikiwa haionekani kabisa, weka kidole juu yake kwanza. Haitetemeki? Basi si suala la hesabu, mara nyingi ni umeme. Alikuja kijana wa Isevya na diski kubwa mpya aliyoitoa ndani ya kasha la nje, kwenye laptopu kwa kasha inafanya kazi, kwenye kompyuta yake ya mezani kimya. Alishabadilisha waya wa data mara tatu. Nikamwonyesha kichwa cha umeme cha SATA: ni pini 15, na pini ya tatu zamani ilikuwa inapitisha volti 3.3 ambazo karibu hakuna diski iliyozitumia. Baadhi ya diski mpya zimeipa pini hiyo kazi nyingine: ikipata umeme, diski inalala. Power supply yake ya zamani ilikuwa inaipa umeme kwa moyo mweupe, na diski inatii. Ukiangalia nyaya utaona ule wa rangi ya chungwa. Ndio wenye hizo volti 3.3. Tulichukua kiunganishi cha kutoka kichwa kikubwa cha pini nne kwenda SATA, ambacho hakina waya wa chungwa, ikazunguka papo hapo. Ukinunua kiunganishi hicho, chagua ambacho nyaya zake zimebanwa kwenye pini na unaweza kuziona. Vile vilivyomwagiwa plastiki nzima vina sifa ya kuyeyuka.

Turudi kwako, dada. Kabla ya yote, angalia saa ya hiyo kompyuta. Kama kila ukiwasha inarudi miaka ya nyuma, betri ya kwenye mazabodi imekufa. Ni CR2032, kidonge cha bati kinachopatikana hata kwa mafundi saa. Ikifa, BIOS inasahau mipangilio yake kila umeme ukikatika, na XP inaweza kugoma kuwaka siku ambayo mwenye harusi amekaa kwenye benchi lako anasubiri. Ibadilishe. Kisha muandikie muuzaji kwamba mzigo umefika salama. Chukua kanda moja, irudishe nyuma mpaka mwanzo, inakili, hamisha. Ukilikuta faili la GB 13 hivi kwenye diski kubwa na linacheza mpaka mwisho, andika 001 kwenye kasha la kanda kwa kalamu ya wino, uchukue inayofuata.